Ubongo wa Qurus, Uprofesa wa Ughaibuni

Tarehe 17 Julai 1959, katika Bonde la Olduvai, Mary Leakey aliona mfupa ukichungulia kwenye mteremko. Ulikuwa sehemu ya fuvu ambalo baadaye dunia ililifahamu kwa jina la Zinjanthropus. Fuvu lile lilipimwa kwa uangalifu ambao walio hai wengi hawajaupata. Phillip Tobias, profesa wa anatomia katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, aliliandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 1967, akakadiria kwamba ubongo uliokaa ndani yake ulikuwa na ukubwa wa sentimita za ujazo 530 hivi. Tangu wakati huo vizazi kadhaa vya maprofesa, wengi wao wa Ulaya, Marekani na Afrika Kusini, wamepata vyeo na heshima kwa kuchunguza bongo zilizooza yapata miaka milioni 1.8 iliyopita.

Kutoka Olduvai panda hadi ukingo wa kreta, teremka hadi lango la Loduare, fuata lami hadi Karatu mjini, kisha uingie Kata ya Qurus. Hapo wanaishi watu wanaolima mahindi na maharage, wanaofuga ng'ombe, mbuzi na nguruwe. Bongo zao zi hai. Ndani yake mna kifafa na kiharusi, mna utoto unaokua na uzee unaosahau, mna lugha mbili na tatu. Hata hivyo mkulima wa Qurus mwenye kifafa anaweza kuangukia motoni mara kadhaa, akazeeka, akazikwa, bila mtaalamu yeyote kuutazama ubongo wake na kueleza kwa nini alikuwa akianguka. Ubongo wa marehemu wa Olduvai unafahamika kuliko ubongo wa jirani yake aliye hai.

Wengi wakisikia hivyo husema: sisi maskini, mashine ni ghali. Napinga. Hoja yangu katika makala haya ni moja tu. Kikwazo kikubwa cha utafiti wa picha za ubongo nchini mwetu ni ajira. Vyuo vikuu vyetu havijatenga nafasi, muda wala ngazi ya kupanda kwa mwanataaluma anayetaka kuutafiti ubongo wa binadamu kwa njia ya picha. Na mwenyeji asipokuwa na kazi hiyo, mgeni ataifanya. Ataifanya vizuri, kwa nia njema, na uprofesa utakaozaliwa humo utakuwa wa kwao.

Kazi isiyokuwamo katika ikama

Ndugu msomaji, utafiti wa picha za ubongo si kazi ya mtu mmoja. Anatakiwa mwanafizikia anayejua jinsi sumaku inavyozipanga protoni za maji ya mwilini, na jinsi mawimbi ya redio yanavyozitikisa hadi zikatoa ishara inayogeuzwa kuwa picha. Anatakiwa mtaalamu wa radiolojia wa kuisoma picha hiyo, na daktari wa magonjwa ya mishipa ya fahamu wa kuihusisha na mgonjwa. Wanatakiwa pia mwanasaikolojia, mtakwimu, mtaalamu wa kompyuta na fundi wa vifaa tiba. Watu hawa, mmoja mmoja, tunao. Mwanafizikia yuko chuoni anafundisha madarasa ya mamia. Mtaalamu wa radiolojia yuko hospitali ya rufaa, anasoma picha za wagonjwa tangu asubuhi hadi jioni, na foleni haijaisha. Mtakwimu anasimamia tasnifu za wanafunzi wa fani kumi tofauti. Hakuna meza ambayo wote wanakaa pamoja kama sehemu ya kazi waliyoajiriwa kuifanya.

Ajira katika chuo cha umma hufuata ikama. Nafasi isiyokuwamo humo haiombewi kibali cha ajira, na isiyo na kibali haitangazwi. Idara zetu zimepangwa kwa ramani ya masomo ya shahada ya kwanza: fizikia huku, tiba kule, saikolojia kampasi nyingine kabisa. Kijana aliyesomea fizikia ya picha za tiba hadi uzamivu akirudi nyumbani huulizwa swali moja: utafundisha kozi gani? Asipokuwa na kozi, hana nafasi. Akipata nafasi, atapewa mekanika ya mwaka wa kwanza, na ubongo atausoma likizoni.

Halafu kuna ngazi ya vyeo: Mhadhiri Msaidizi, Mhadhiri, Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki, Profesa. Kila hatua hupimwa kwa machapisho. Sikatai kipimo hicho. Mwanataaluma asiyechapisha ni kama mkulima asiyevuna. Lakini kipimo hakitofautishi mavuno ya miezi mitatu na mavuno ya miaka saba. Mwenye kutunga dodoso, akaligawa kwa watu mia mbili, ana makala mkononi kabla ya mwaka kwisha. Anayetaka picha za ubongo lazima kwanza apate kibali cha maadili, apate saa za mashine ambayo mchana ni ya wagonjwa, amshawishi mzee asafiri kutoka kijijini, aisafishe data, aikague, kisha ndipo aandike. Na makala ikitoka ina waandishi ishirini, jina lake likiwa la kumi na nne. Mwenye akili timamu, ana watoto wa kusomesha, atachagua lipi? Serikali imeanza kuwatunza fedha wahadhiri wanaochapisha katika majarida makubwa ya dunia. Ni jambo jema, lakini zawadi humfuata aliyekwisha kufika. Aliyekosa njia ya kufika haimsaidii.

Nguruwe alipata profesa, binadamu alipata wageni

Twende kwa majirani wa Qurus tuone jinsi jambo hili linavyotokea. Wilaya ya Karatu ilimegwa kutoka Mbulu, na mpaka wa kiutawala haukuwazuia watu, mifugo wala minyoo.

Tegu wa nguruwe ana tabia ya kikatili. Mtu akila nyama ya nguruwe isiyoiva yenye viluwiluwi hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu huyo hutoka na kinyesi. Nguruwe anayezurura akiyala, viluwiluwi huota katika nyama yake. Binadamu akiyameza, kwa mikono michafu, mboga au maji, viluwiluwi vinaweza kuota katika ubongo wake na kumletea kifafa. Maana yake ni kwamba hata asiyeonja nyama ya nguruwe maisha yake yote anaweza kuugua, mradi anaishi karibu na mwenye tegu asiye na choo.

Upande wa nguruwe wa kisa hiki ulipata mtafiti wa Kitanzania. Helena Ngowi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo aliwachunguza nguruwe wa wilaya ya Mbulu kwa kuwakagua ndimi, na mwaka 2004 yeye na wenzake wakachapisha kwamba nguruwe 17 hivi katika kila 100 walionekana kuwa na viluwiluwi. Aliendelea na elimu ya afya vijijini, akaongoza miradi, akafikia uprofesa. Tazama kilichomwezesha. SUA ina idara za tiba ya mifugo zenye nafasi za kudumu za wahadhiri. Nguruwe ni somo linalotambulika. Ulimi wa nguruwe hukaguliwa kwa mkono na jicho. Kulikuwa na kiti, na mtu hodari akakikalia.

Upande wa binadamu ulikwenda vingine. Mwaka 2009 jarida la Epilepsia lilichapisha utafiti wa picha za CT uliofanywa katika eneo la Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, ukiongozwa na Andrea Winkler wa Munich. Kati ya watu 212 wenye kifafa, 38 walikuwa na dalili za viluwiluwi vya tegu ubongoni. Profesa William Matuja wa Muhimbili alikuwa miongoni mwa waandishi, lakini wengi wao walikuwa wa vyuo vya Ujerumani na Austria. Ninaheshimu kazi hiyo. Bila wao tungeendelea kusema kwamba kifafa cha uplandi ule ni laana au jicho la mtu. Ninachouliza ni hiki: kwa nini ugonjwa uleule, wilaya ileile, mnyoo yuleyule, ulizaa profesa wa Kitanzania ulipokuwa ndani ya nguruwe, na ulipoingia katika kichwa cha binadamu ukawa hatua ya kitaaluma ya watu wa mbali?

Karatu yenyewe ina somo lake. Hospitali ya FAME, iliyoanza kutoa huduma mwaka 2008, ina mashine ya CT, na madaktari wa mishipa ya fahamu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, pamoja na wale wanaosomea ubingwa, huja kwa vipindi kuwatibu watu wa wilaya hiyo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kweli wenyeji wanapona. Lakini daktari kijana wa Philadelphia anayekuja Karatu anahesabiwa safari hiyo kuwa sehemu ya mafunzo na ya kupanda kwake. Daktari kijana wa Kitanzania akiomba kukaa Karatu miaka miwili asome bongo za watu wa Qurus, chuo chake kitaliita jambo hilo nini? Uhamisho? Likizo bila malipo? Kwa Philadelphia, Karatu ni sehemu ya chuo. Kwa vyuo vyetu, Karatu ni njia ya kwenda kuona tembo.

"Dawa kwanza, picha baadaye"

Najua jibu litakalokuja. Zahanati haina dawa za kutosha, nawe unataka mhadhiri wa picha za ubongo? Ni pingamizi zito na linastahili jibu la kitabibu.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu viluwiluwi vya ubongoni mwaka 2021. Kiluwiluwi kikiwa hai, mgonjwa anaweza kupewa dawa ya kukiua pamoja na dawa ya kupunguza uvimbe. Kikiwa kimekwisha kufa na kugeuka chokaa, dawa ya minyoo haina kazi. Kinachotakiwa ni dawa ya kuzuia degedege. Wagonjwa wawili wanaweza kuanguka kwa namna ileile, kijiji kilekile, na matibabu yao yakatofautiana. Kinachowatenganisha ni picha. Isitoshe, praziquantel, dawa ambayo watoto wetu wa shule hupewa kwa ajili ya kichocho, huvishambulia pia viluwiluwi hivyo. Vikishtuka na kuvimba ndani ya ubongo, vinaweza kuleta degedege. Hapo kusema dawa kwanza, picha baadaye, ni kumwambia fundi apige msumari kwanza, nguzo ataitafuta baadaye.

Mfano mwingine uko Malawi. Katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, Blantyre, mashine ya MRI iliyotolewa kama msaada ilianza kazi mwaka 2008. Kwa miaka mingi madaktari walijua kwamba malaria ya ubongo inaua watoto, lakini hawakuwa na hakika inaua kwa njia gani. Mwaka 2015 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jibu: kati ya watoto 168 waliopigwa picha, 25 walifariki, na 21 kati ya hao 25 walikuwa na uvimbe mkubwa wa ubongo walipolazwa. Ubongo uliovimba hukandamiza sehemu inayoamuru pumzi. Kutokana na ugunduzi huo likazuka swali jipya la tiba: je, mtoto akisaidiwa kupumua kwa mashine hadi uvimbe upungue, atapona? Picha haikupora fedha za dawa. Ilionyesha dawa ielekezwe wapi. Lakini mwandishi wa kwanza wa makala hiyo alikuwa wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, na kiongozi wa utafiti, Terrie Taylor, ni profesa wa chuo hichohicho. Blantyre ilitoa watoto, wauguzi na wodi. Michigan ilikuwa na nafasi za ajira zinazomruhusu mtu kukaa na swali moja kwa miongo kadhaa.

"Mashine ni ghali"

Pingamizi la pili ni la fedha. MRI ya kawaida ina sumaku inayopozwa kwa heliamu ya maji, kwenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Inahitaji umeme usioyumba, chumba maalumu na mkataba wa matengenezo. Ni ghali, sibishi. Lakini tuangalie Mbarara, Uganda. Johnes Obungoloch, mhandisi aliyesomea uzamivu katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania kisha akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, alishirikiana na wenzake wa Marekani na wa Leiden, Uholanzi. Mwaka 2022 waliunganisha palepale Mbarara mashine ndogo ya MRI inayotumia sumaku za kudumu, zisizohitaji heliamu. Kazi ilichukua siku 11. Nguvu ya sumaku yake ni militesla 50 hivi, yaani sehemu moja ya 30 ya mashine ya hospitali ya tesla 1.5. Picha zake si kali, lakini lengo lake la kwanza ni watoto wenye vichwa vikubwa, na maji yaliyojaa ubongoni huonekana hata katika picha hafifu. Makala iliyoeleza kazi hiyo, iliyotoka mwaka 2023, mwandishi wake wa kwanza ni Obungoloch. Alikuwa na mahali pa kurudi. Hiyo ndiyo siri yote.

Kwetu mashine zimeanza kufika. Sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa mapambano dhidi ya UVIKO-19, mwaka 2021, ilinunua mashine za CT kwa hospitali za rufaa za mikoa. Muhimbili na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, zina MRI. Na hiyo ya Dodoma ipo jirani kabisa na chuo kikuu kikubwa. Mradi wa HEET, wa dola milioni 425 za Benki ya Dunia, unajenga majengo na maabara na kusomesha wahadhiri. Vyote hivyo ni vyema. Lakini jengo halina swali la utafiti; swali analo mtu. Mashine ya CT ikinunuliwa bila kuajiri hata mtafiti mmoja wa kuishi nayo, itapiga picha za ajali za bodaboda, itaharibika, itasubiri kipuri, na picha zake zote zitafutwa kompyuta ikijaa.

Wazo lililozaliwa katika kazi ya ziada

Kwa wasioamini kwamba mpangilio wa ajira unaweza kubadili sayansi, nawakumbusha Allan Cormack. Alikuwa mhadhiri wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 1956 Hospitali ya Groote Schuur ilikuwa imepoteza mwanafizikia wake, na sheria ilidai mtu mwenye sifa asimamie matumizi ya mionzi. Cormack akaazimwa, siku moja na nusu kwa juma, kwa muda wa nusu mwaka. Akiwa pale aliona madaktari wakipanga mionzi kana kwamba mwili wote una uzito mmoja, mfupa na nyama sawasawa. Akajiuliza: je, hisabati inaweza kutuonyesha ndani ya mwili kwa kupima mionzi inayopita kutoka pande nyingi? Majibu yake aliyachapisha mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyeyajali. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya CT ya kichwa London mwaka 1971, kwa mashine ya Godfrey Hounsfield, ambaye alifikia wazo hilo kwa njia yake mwenyewe. Mwaka 1979 wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba.

Kwa hiyo hisabati ya mashine inayosubiriwa na mgonjwa wa Qurus ilichipuka katika chuo cha Afrika, kwa mhadhiri aliyeazimwa hospitali siku moja na nusu kwa juma. Tusisahau kwamba Afrika Kusini ile ilikuwa ya ubaguzi, na mlango uliokuwa wazi kwa Cormack ulifungwa kwa Waafrika wengi. Tusisahau pia kwamba mwaka 1957 alihamia Marekani, na heshima ya Nobel ikahesabiwa kwa Chuo Kikuu cha Tufts. Mambo yote mawili yanaunga mkono hoja yangu: daraja dogo kati ya chuo na hospitali linaweza kuzaa jambo kubwa, na asiyewekewa kiti cha kukaa huondoka na wazo lake kichwani.

Tusiige ugonjwa wa wenzetu

Wapo watakaoniambia kwamba hata huko ughaibuni ajira hizi zimejaa dosari. Ni kweli, na tujifunze kabla hatujajenga. Mashindano ya vyeo yaliwasukuma watafiti kuchapisha matokeo ya watu ishirini au thelathini kana kwamba ni sheria za maumbile. Mwaka 2020 makundi 70 ya watafiti yalipewa data zilezile za picha za ubongo na maswali yaleyale. Hakuna makundi mawili yaliyofuata njia ileile ya uchambuzi, na majibu yakatofautiana. Mwaka 2022 utafiti mkubwa katika jarida la Nature ulionyesha kwamba kuhusisha tabia za watu na tofauti za bongo zao kwa uhakika kunahitaji maelfu ya washiriki. Tukianzisha ajira hizi kwa kigezo kilekile cha kuhesabu makala, tutazalisha tafiti za watu ishirini wa Arusha mjini na kuziita ubongo wa Mtanzania.

Afadhali tuanze na maswali ambayo sisi ndio wenye nayo. Chukua jina Qurus. Linaanza na herufi isiyokuwamo katika Kiswahili sanifu, ikiwakilisha sauti ya Kiiraqw inayotamkiwa nyuma kabisa ya kinywa. Karatu na Mbulu ni mojawapo ya sehemu chache sana duniani ambapo lugha za asili nne tofauti hukutana: Kiiraqw cha Kikushi, Kidatoga cha Kiniloti, Kihadza chenye vidoko, na Kiswahili cha Kibantu. Mtoto wa Qurus huanza maisha kwa Kiiraqw, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari humlazimisha afikiri kwa Kiingereza. Taifa limebishana miaka mingi kuhusu lugha ya kufundishia. Tumetumia siasa, tumetumia hisia. Je, hatungependa kujua pia kinachotendeka katika ubongo wa mtoto huyo anapovuka madaraja mawili ya lugha kabla ya kufikisha miaka kumi na mitano? Swali hilo halitamjia profesa wa Boston kwa sababu halimsumbui. Linamsumbua mwalimu wa kidato cha kwanza wa Karatu.

Hata kiolezo cha kupimia si chetu. Ili bongo za watu mbalimbali zilinganishwe, kompyuta huzinyoosha na kuzikunja zilingane na ubongo wa mfano. Mfano unaotumika zaidi duniani ulitengenezwa Montreal kwa wastani wa picha za watu 152. Watafiti wa Hyderabad, India, walitengeneza atlasi ya ubongo wa Kihindi, wakaitangaza mwaka 2019. Ubongo wa mtu wa Qurus, siku utakapopigwa picha, utavishwa kanzu iliyokatwa Kanada.

Madai yangu

Kwanza, vyuo vikuu vyenye shule za tiba viombe katika ikama nafasi za pamoja kati ya chuo na hospitali, mtu mmoja akiwa na waajiri wawili waliokubaliana kwa maandishi siku zake za utafiti ni zipi. Tuanze na nafasi tano nchi nzima, mojawapo ikiwa ya ukanda wa Karatu na Mbulu. Nafasi tano si mzigo kwa taifa linalojenga reli.

Pili, vigezo vya kupandisha vyeo vitambue kazi inayowezesha kazi nyingine: kuunda mashine au kuitengeneza, kukusanya na kutunza hazina ya picha, kutengeneza atlasi, kufundisha wataalamu wa mionzi. Aliyejenga kisima asipimwe kwa idadi ya ndoo alizochota mwenyewe.

Tatu, COSTECH na NIMR, ambazo tayari hutoa vibali vya utafiti, ziongeze sharti. Mradi wowote wa nje unaopiga picha bongo za Watanzania ugharimie angalau ajira moja ya kitaaluma katika chuo cha Tanzania kwa muda wote wa mradi, na nakala kamili ya picha ibaki nchini. Jambo hili lina msingi wa kisheria pia. Picha ya MRI ya kichwa inaweza kutumiwa kuunda upya sura ya mtu. Ni taarifa binafsi kwa maana kamili, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekwisha kuanza kazi. Nchi hii imekwisha kuona vichwa vya watu wake vikisafirishwa. Mafuvu yaliyochukuliwa enzi za Wajerumani yamekaa makabatini Berlin zaidi ya karne, na ndugu zao wa Kilimanjaro wangali wakidai kuwazika. Leo kichwa husafiri kwa intaneti, bila damu wala sanduku, na hakuna anayelia.

Nne, matokeo yarudi kijijini. Yasomwe katika mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili na kwa Kiiraqw, kabla hayajasomwa katika kongamano la ng'ambo. Mzee aliyelala ndani ya mashine ana haki ya kuambiwa kilichoonekana.

Mtu asiniambie kwamba Karatu haiwezi kutoa mtafiti wa kiwango cha dunia. Askwar Hilonga, mzaliwa wa Gongali, Karatu, aliyesomea uzamivu Korea Kusini, alirudi akapata nafasi katika Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, akauliza swali la nyumbani kwao: maji yenye floridi na vijidudu yasafishweje? Mwaka 2015 alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, akiwa mshindi wake wa kwanza kabisa. Kijana wa kijijini, swali la kijijini, na nafasi ya ajira iliyomsubiri. Vitu vitatu tu. Katika utafiti wa ubongo tunavyo viwili.

Cha tatu kinaandikwa kwa kalamu ya makamu mkuu wa chuo, katika jedwali la ikama, kila bajeti inapoandaliwa. Hakihitaji heliamu.